Kwa nini ndege za kijeshi hujaribiwa kwenye joto na miinuko

HEWA ya Shume, wilayani Lushoto, yaeleza kwa nini majeshi huwa na vikosi vya majaribio ya ndege. Kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000 hewa huwa nyepesi. Injini hupungukiwa nguvu na mabawa hubeba uzito mdogo. Joto huzidisha tatizo.

Uingereza ilianzisha kikosi cha majaribio Upavon mwaka 1914. Hata hivyo, mwaka 1916, katika vita vilivyofika Usambara, marubani wake walitaabika kupaa na ndege dhaifu za BE2c.

Siku hizi marubani wa majaribio hutangulia kupima ndege mpya penye joto na miinuko, kisha huweka mipaka ya uzito na mwendo. Kasoro inayogunduliwa mapema huokoa maisha ya rubani atakayefuata.