Kisamvu cha Kirongwe, sombe ya Kigoma

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu, sogea jamvini."

Mwalimu huyu kijana alikuwa hajamaliza muhula mmoja Kirongwe, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Mafia. Kwao ni Kigoma, ng'ambo kabisa ya nchi, kwenye ziwa Tanganyika. Bibi mwenyeji wetu alifunua sufuria, mvuke wa nazi ukatupiga usoni, na mwalimu akainama kutazama. Uso ukamng'aa.

"Kumbe na huku mnapika sombe!"

"Sombe ndiyo nini, mwanangu? Hiki kisamvu."

"Ndiyo hiyo hiyo, Bibi. Ila sisi tunatia mawese."

Bibi alinyamaza kidogo, upawa mkononi. Mtu aliyezaliwa kisiwa cha minazi akiambiwa kuna kisamvu kisichoona tui, lazima apate muda wa kulimeza hilo. Kisha akapakua, akatuwekea na bada ya moto, ule ugali wa unga wa muhogo, akasema, "Basi leo ule sombe yako ya nazi."

Kazi yangu ya lishe hunikalisha kwenye majamvi ya namna hii, na mazungumzo kama hayo nimeyasikia mara nyingi. Watu wawili wa nchi moja, wanaosema Kiswahili kimoja, wanakula jani moja kwa majina mawili. Ukivuka mipaka, majina huongezeka. Bukavu, Goma na Lubumbashi utasikia sombe kama Kigoma. Kinshasa ni pondu. Brazzaville utaambiwa saka-saka. Rwanda na Burundi ni isombe. Ukishuka na pwani kuelekea kusini, Msumbiji wanapika matapa, wakichanganya karanga, nazi na mara nyingi kamba. Komoro ni mataba, na mtu wa Mafia akiionja ataona kama amerudi nyumbani, maana nazi imetawala. Madagaska wanaita ravitoto. Neno hilo ukilipasua unapata "jani" na "kutwanga", yaani jina la chakula ni maelezo ya kazi yenyewe.

Kwa nini jani moja limepata majina mengi hivyo? Jibu lipo katika namna mmea ulivyotufikia. Muhogo si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, upande wa Brazil, ambako watu wa lugha za Kitupi waliuita kwa neno ambalo Wareno walilifanya mandioca na Wafaransa wakalifanya manioc. Katika visiwa vya Karibi, Wataino walikuwa na mkate bapa wa unga wa muhogo, na jina la mkate huo ndilo lililozaa neno la Kiingereza, cassava. Wazungumzaji wa Kihispania wa Amerika wengi husema yuca. Hivyo hata huko ulikotoka, kila mgeni aliondoka na jina la mwenyeji wa kwanza aliyekutana naye. Mwaka 1766 mtaalamu wa mimea Crantz aliuandika kwa jina la kisayansi linalotumika hadi leo, Manihot esculenta, na ndani ya jina hilo bado lile neno la Kitupi linasikika.

Wareno waliufikisha Kongo katika karne ya 16. Kwetu, pwani ya mashariki, ulienea zaidi katika karne ya 18 ukipitia visiwa vya Bahari ya Hindi. Kwa maneno mengine, muhogo uliingia Afrika kwa milango miwili, mmoja wa magharibi na mmoja wa mashariki, na kila mlango ukawa na lugha zake. Mzizi ulisafiri kama mali ya biashara na chakula cha safari, kwa hiyo jina lake lilishikamana nao. Waganda wanasema muwogo, na sikio la mtu wa pwani halihitaji mkalimani hapo. Jani ni habari nyingine. Halikai wiki nzima ndani ya jahazi. Linachumwa asubuhi, linaliwa mchana. Likapewa jina palepale jikoni, na wanawake waliolitwanga, kila mmoja kwa lugha ya nyumbani kwake.

Tubaki kidogo kwenye kinu, kwa sababu hapo ndipo penye elimu. Bibi wa Kirongwe huchuma majani machanga ya juu tu, yale laini. Anayaanika kidogo yalegee, anayatwanga kwa mchi hadi yawe kama udongo mbichi wa kijani, kisha anayachemsha kwa maji mengi kwa muda mrefu kabla tui halijagusa sufuria. Tui jepesi hutangulia pamoja na kunde, tui zito huja mwisho, na likishaingia haachi kukoroga lisikatike. Ukimuuliza kwa nini haanzi na tui moja kwa moja, atakwambia ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

Alifundishwa vizuri. Jani na mzizi wa muhogo vina kitu kiitwacho linamarini. Kikiwa kimetulia ndani ya jani hakina neno, lakini jani likipondwa hukutana na kimeng'enya chake na kutoa sayanaidi, sumu inayojulikana. Mtu anaweza kudhani basi kutwanga ni hatari. La, kutwanga ndiyo dawa. Sayanaidi hiyo huchemka kwenye joto la nyuzi 26 hivi, yaani joto la siku ya kawaida Mafia, kwa hiyo ikishatoka ndani ya jani huruka hewani, hasa sufuria ikiwa wazi jikoni. Jani lisilopondwa sawasawa hubaki na sumu yake ndani. Kinachobaki baada ya kazi hiyo ni mboga ya thamani kubwa: jani kavu la muhogo lina protini kati ya asilimia 20 na 30, wakati mzizi una protini kidogo mno. Familia inayokula bada bila kisamvu, maharage wala samaki inashiba bila kujengeka.

Watu walio mbali nasi walifika kwenye hekima hiyohiyo. Pará, kaskazini mwa Brazil, wana chakula kiitwacho maniçoba, majani ya muhogo yanayochemshwa kwa siku saba hivi kabla ya kuliwa. Indonesia wanayapika kwa tui la nazi. Hakuna aliyemuiga mwenzake kwa jina, lakini mikono inafanana.

Ninalolishikilia katika jambo hili ni hili: kitu kimoja kuwa na majina kumi hakujamdhuru mtu. Kinachodhuru ni jina moja kubeba vitu viwili.

Chukua dengu. Mtanzania akisema dengu anamaanisha zile punje kubwa, ngumu, za rangi ya udongo, ambazo hulowekwa usiku kucha kabla ya kuchemshwa. Mkenya akisema ndengu anamaanisha zile ndogo za kijani, ambazo sisi tunaziita choroko na ambazo pwani ya Kenya wapo wanaoziita pojo. Choroko hazihitaji kulowekwa na huiva mapema. Mpishi wa Nairobi akimtumia dada yake aliyeolewa Dar es Salaam maelezo ya mchuzi wa ndengu, na dada akaenda sokoni akanunua dengu, jioni hiyo watoto watalala wakisubiri sufuria. Kiswahili ni kimoja, kosa hakuna aliyelifanya, na chakula hakijaiva.

Posho nayo ni hivyo hivyo. Zamani za misafara neno hili lilikuwa chakula cha kupimiwa, fungu la mpagazi. Uganda likashikamana na kile kilichopimwa, unga wa mahindi, na leo posho Kampala ni ugali kwenye sahani. Tanzania likashikamana na tendo la kupimiwa, na leo posho ni fedha ya mtumishi aliyesafiri kikazi. Neno limehifadhi historia ileile kwa namna mbili. Sahani yenyewe, ukiifuata, ni ugali kwetu, sima kwa watu wa pwani ya Kenya, nsima Malawi, nshima Zambia, sadza Zimbabwe. Hapo hapana wa kupotea, kwa sababu kila mmoja akiiona anaijua.

Hata kisamvu chenyewe kina mtego huu. Huku Tanzania kuna kisamvu cha mpira, majani ya mti mrefu ambao wengi wanaujua uani tu, hawaujui shambani. Ni ndugu wa muhogo, Manihot glaziovii, ulioletwa wakati wa utawala wa Wajerumani kwa ajili ya utomvu wake wa mpira. Biashara ile ikafa, miti ikabaki, na kina mama wakaona majani yake yanafaa sufuriani. Kuanzia miaka ya 1930 watafiti wa kituo cha Amani, Tanga, waliuzalisha mti huohuo na muhogo ili kupata mbegu zinazostahimili ugonjwa wa batobato. Kwa hiyo mtu akikwambia amepika kisamvu, inawezekana amepika mmea mwingine kabisa, nao una linamarini vilevile na unahitaji kinu na moto vilevile.

Lililo zito zaidi ni muhogo mtamu na muhogo mchungu. Yote tunaiita muhogo. Mtamu unachemshwa na kuliwa. Mchungu hauliwi mpaka ulowekwe, uvundikwe au ukaushwe ukawa makopa, kisha usagwe. Mwaka wa njaa watu hukatisha safari hiyo, na wenye chakula kidogo cha kusindikiza mzizi ndio huumia. Mwaka 1981, wakati wa ukame, mkoa wa Nampula wa Msumbiji ulipata wagonjwa zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, waliopooza miguu ghafla. Kule ugonjwa huo waliuita mantakassa. Kongo ugonjwa huohuo ulikuwa umeshaandikwa mwaka 1938 kwa jina la konzo, neno la Wayaka linaloeleza miguu iliyofungwa. Tanzania nayo iliuona Tarime katikati ya miaka ya 1980. Miguu iliyopooza kwa ugonjwa huu hairudi kama ilivyokuwa.

Majina mengine ni ya amani tupu na yananifurahisha kila nikiyasoma. Mahindi yametoka Amerika, lakini sisi tumeyapa jina la Hindi. Waitaliano wanayaita granoturco, nafaka ya Kituruki. Waturuki nao wanayaita mısır, yaani Misri. Kila mmoja alimtaja yule aliyedhani ameyaleta. Sisi wa pwani tumefanya hivyo pia kwenye pilipili manga: zao ni la India, jina ni la Manga, nchi za Waarabu, kwa sababu ndiko jahazi lilikotoka. Tunda la shelisheli limechukua jina la visiwa vya Shelisheli, ingawa mti wake ni wa Pasifiki. Mtu wa bandarini hakuuliza shamba liko wapi. Alitazama tanga linatoka upande gani.

Wakati mwingine jina huvuka bahari kurudi upande wa pili. Muscat ukipita jioni utakuta nyama kwenye vijiti juu ya makaa, na anayechoma atakwambia ni mishkak. Mtu wa Mafia atasema mishkaki na wataelewana bila mkalimani. Katika nyumba za Waomani waliotoka Unguja na bara, mandazi na muhogo bado vinaitwa kwa majina hayohayo.

Turudi jamvini Kirongwe. Mwalimu alikula, akaomba aongezewe, na Bibi akamuuliza mawese yanakamuliwaje. Alieleza michikichi, akaonyesha kwa mikono jinsi matunda yake yanavyochemshwa na kupondwa. Bibi naye akamwonyesha kifumbu chake cha kuchujia tui, kilichosukwa kwa ukindu, akamwambia siku nyingine aje mapema ajifunze kukuna nazi. Hakuna aliyemwambia mwenzake kuwa jina lake si sahihi. Ilitosha kwamba kila mmoja alitazama ndani ya sufuria kabla ya kubishana.

Wanaoandika vipeperushi vya kliniki, vitabu vya mapishi na kamusi wafuate mfano huo. Mpaka leo nakutana na maelekezo ya lishe yanayosema "mpe mtoto kisamvu" yakisomwa na mama ambaye maisha yake yote amepika sombe na hajui kwamba ameambiwa afanye kile anachofanya kila siku. Nakutana na maelekezo yanayotaja dengu bila kusema dengu ipi. Kuongeza jina la pili kunachukua maneno mawili ya karatasi. Tuandike kisamvu na sombe, choroko na ndengu, na pale panapotajwa muhogo mchungu, tuseme wazi ni mchungu na tueleze unavyoandaliwa. Nawe msomaji, ukifika soko la ugenini na ukasikia jina unalolijua, omba kwanza uonyeshwe punje au jani lenyewe, ndipo ulipe.