Chagua Kompaila Mtakayoimaliza

Mhadhiri wa kozi ya lugha za programu akishasema "chagueni kompaila moja iliyopo, muisome, mwisho wa semista mje mtueleze inavyofanya kazi," makundi mengi hukimbilia majina makubwa: GCC au LLVM. Inaeleweka, maana hizo ndizo zinazotumika kila mahali. Lakini GCC ilitoka mwaka 1987, imekua mpaka leo ina mamilioni ya mistari ya msimbo. Semista ikiisha mmesoma folda moja, tena nusunusu, na ripoti imejaa maelezo ya jumla ambayo mngeyapata bila kufungua faili hata moja. Alama zinaondokea hapo.

Kompaila ni programu inayosoma ulichoandika na kukigeuza kuwa amri ambazo mashine inaweza kutekeleza. Kwanza hukata maandishi kuwa maneno, halafu hukagua kama maneno hayo yamefuata sarufi, kisha hutoa amri. Sisi tunaosoma ualimu tunajua kitabu cha kiada huchaguliwa kwa kiwango cha darasa, siyo kwa umaarufu wa mwandishi. Hapa ni vilevile: tafuta inayoonyesha hatua hizo waziwazi, na ambayo mtaifikisha mwisho.

Mimi napendekeza Lua. Ilizaliwa mwaka 1993 kwenye chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazili, kwa mikono ya Roberto Ierusalimschy na wenzake wawili. Msimbo wake ni kama mistari 30,000 ya C, na kuupakua hakufiki hata megabaiti 1, kwa hiyo bando liko salama. Watu wanne mnagawana kazi bila ugomvi: mmoja faili la llex.c linalokata maneno, wa pili lparser.c la sarufi, wa tatu lcode.c linalotoa amri, wa nne lvm.c linalozitekeleza.

Uzuri mwingine, kazi yake unaiona kwa macho. Andika print(2 + 3) kwenye faili, kisha lipitishe kwenye luac -l, programu inayokuja na Lua na kuorodhesha amri zilizotolewa. Hutakuta amri ya kujumlisha. Utakuta 5 tayari, kwa sababu kompaila imeshapiga hesabu yenyewe. Sasa weka 2 ndani ya a, uandike print(a + 3): amri ya kujumlisha hiyo imerudi. Kwa nini? Swali hilo moja litawapeleka moja kwa moja ndani ya lcode.c, na mkilijibu mna sura nzima ya ripoti.

Lua ina mipaka yake. Amri zake hutekelezwa na mashine ya ndani ya programu, siyo na prosesa yenyewe, na aina za data hukaguliwa programu ikiwa inaendeshwa. Kama kozi yenu inadai amri za prosesa, angalieni TCC ya Fabrice Bellard, nayo ni ndogo. Kama inadai ukaguzi wa aina mapema, Lua haitawafaa.

Kwa hiyo kabla ya kupeleka jina kwa mhadhiri, kaeni jioni moja: ipakueni, ijengeni, badilisheni ujumbe mmoja wa kosa uwe wa Kiswahili, muijenge tena. Ikikubali, endeleeni nayo. Mkishindwa hata hapo, tafuteni nyingine wakati semista bado mbichi.