Samaki Chini ya Sakafu: Walowezi na Utamaduni wa Waaborijini katika Riwaya Mbili

Likitajwa neno "mlowezi" darasani, wengi wetu hukimbilia Kenya na riwaya za Ngũgĩ. Lakini suala hili lina uwanja mwingine, nao ni Australia. Waingereza walianza kulowea huko mwaka 1788, na sheria yao ikaihesabu nchi kuwa haina mwenyewe. Dhana hiyo ilikuja kukataliwa na Mahakama Kuu ya Australia mwaka 1992, katika kesi ya Mabo. Makala haya yanaeleza jinsi riwaya mbili zinavyochora athari za ulowezi huo katika utamaduni wa wenyeji, yaani Waaborijini.

Ya kwanza ni The Secret River (2005) ya Kate Grenville, ambaye ni mzawa wa walowezi. Mhusika mkuu, William Thornhill, ni mwendesha mashua fukara wa London anayepatikana na hatia ya wizi na kupelekwa New South Wales. Akishapata uhuru, anajitwalia shamba kando ya mto Hawkesbury. Anang'oa mimea fulani midogo ili apande mahindi; kumbe mizizi ya mimea ile ndiyo chakula cha wenyeji! Wenyeji wanapokuja kuvuna mahindi, wanaitwa wezi. Hebu tujiulize, nani kamwibia nani? Mgogoro unaishia katika mauaji ya halaiki. Kisha Thornhill anajenga nyumba ya mawe juu ya mwamba wenye mchoro wa samaki uliochongwa na wenyeji. Samaki hafutwi, anafukiwa chini ya sakafu.

Tatizo ni kwamba wenyeji hao tunawaona kwa macho ya Thornhill tu. Wapo watakaomtetea Grenville kwamba mzawa wa walowezi hana haki ya kujifanya anayajua yaliyo moyoni mwa wenyeji. Sawa, hoja ina uzito. Hata hivyo, msomaji anayeishia hapo atadhani utamaduni wa Waaborijini ni kitu cha kuombolezwa tu.

Hapa ndipo That Deadman Dance (2010) ya Kim Scott inapotufaa. Scott ni Mnoongar, na kijana wake Bobby Wabalanginy anaishi pwani ya kusini-magharibi katika miaka ya mwanzo ya ulowezi. Wanoongar katika riwaya hii wameyatazama magwaride ya askari wageni wakayageuza kuwa ngoma yao. Bobby anajifunza Kiingereza, anaandika, anavua nyangumi, na bado ni Mnoongar. Dakta Cross anazikwa pamoja na rafiki yake mwenyeji, Wunyeran. Baadaye walowezi wanauhamisha mwili wa Cross kwa heshima, na mifupa ya Wunyeran inaachwa ovyo. Mwishoni Bobby anawachezea wakubwa wa koloni akitumaini watamwelewa, nao wanampa kisogo.

Kwa maoni yetu, Scott anakwenda mbali zaidi. Kwake, utamaduni wa wenyeji ulikuwa na uwezo wa kupokea mapya bila kufa. Kilichouumiza ni mgeni aliyekaribishwa, akala, akashiba, kisha akakataa kugawana. Kwa hiyo wanafunzi wenzetu, tukiisoma riwaya ya Grenville tusiifunge mada kabla ya kumsikiliza Bobby. Mwenye maoni tofauti anakaribishwa kutujibu.