Maumivu ya Tumbo Yasiyokwisha: Tusiridhike na Jina Kabla ya Kujua Chanzo

Yupo mama mmoja katika mtaa wetu, mzazi wa watoto wanne, ambaye kwa miaka mitatu aliishi na maumivu ya tumbo. Kila alipoulizwa hali, jibu lake lilikuwa moja: "Alhamdulillahi, ni hivi vidonda vyangu tu." Jina hilo hakupewa na kipimo. Alipewa na muuza dawa siku ya kwanza alipokwenda kueleza kuwa chembe cha moyo kinamuuma, na kuanzia hapo kila aliyemhudumia alilipokea kama lilivyo. Akanywa omeprazoli, akaletewa unga wa mizizi na asali, akaacha maharage na pilipili. Ramadhani mbili zikampita akila mchana kwa majonzi, huku akihesabu siku anazodaiwa.

Hatimaye alikutana na daktari ambaye, kabla ya kuandika dawa, aliuliza maswali. Maumivu huanza lini? Hukaa wapi? Huelekea upande gani? Mama akaeleza kwamba humshika usiku, saa chache baada ya kula pilau au sambusa. Hukaa chini ya mbavu za kulia, hupanda hadi begani, humtapisha, kisha huondoka kana kwamba hayakuwapo. Akapelekwa kupigwa ultrasaundi, vikaonekana vijiwe katika mfuko wa nyongo. Akafanyiwa upasuaji, mfuko ukatolewa. Ramadhani iliyofuata alifunga, na sasa analipa deni lake taratibu.

Hatusimulii kisa hiki ili kumlaumu yeyote. Tunakisimulia kwa sababu katika nyumba nyingi maumivu yote ya tumbo yamepewa jina moja, na jina likishapatikana, watu huacha kutafuta.

Tumbo si kiungo kimoja. Ndani yake mna ini, nyongo, kongosho, utumbo, figo, kibofu cha mkojo, na kwa wanawake kizazi na mirija yake. Aidha, mishipa ya fahamu ya viungo hivi haionyeshi mahali kwa usahihi kama ile ya ngozi. Ugonjwa wa kidole tumbo, kwa mfano, mara nyingi huanza kuuma kitovuni, kisha maumivu huhamia chini upande wa kulia. Ndiyo maana mgonjwa huweza kuonyesha mahali pamoja, na chanzo kikawa pengine.

Hata vidonda vya tumbo vyenyewe vina chanzo. Kwa miaka mingi matabibu waliamini kwamba huletwa na mawazo, vyakula vikali na tindikali peke yake. Madaktari wawili wa mji wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, wakaona kijidudu kinachoishi katika ukuta wa tumbo, kiitwacho Helicobacter pylori. Walipokosa kuaminiwa, Marshall alikunywa vijidudu hivyo mwaka 1984, akaugua uvimbe wa tumbo. Mwaka 2005 wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Leo kijidudu hicho hupimwa kwa choo au kwa pumzi, na hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza tindikali. Mgonjwa amweleze daktari ikiwa anatumia omeprazoli, kwani inaweza kukifanya kipimo kisikione kijidudu kilichopo. Aeleze pia ikiwa hunywa diklofenaki, aibuprofeni au aspirini kwa ajili ya magoti au mgongo, maana dawa hizo nazo huchimba vidonda.

Kwa ndugu zetu wa kandokando ya Ziwa Viktoria, kichocho cha utumbo hakina budi kufikiriwa. Aliyeoga, kuvua au kufua ziwani aseme hivyo hata asipoulizwa.

Kwa mabinti zetu tuna neno la pekee. Binti anayelala chini kwa maumivu kila mwezi, akakosa shule, huambiwa ni chango na kwamba atapona akizaa. Upo ugonjwa uitwao endometriosisi, ambapo tishu zinazofanana na utando wa ndani ya kizazi huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huwapata takriban asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ultrasaundi huweza kutouona, na wengi hukaa miaka mingi bila kutambuliwa. Mama asimnyamazishe bintiye. Ampeleke kwa daktari wa wanawake.

Wapo pia ambao vipimo vyao vyote huwa safi, nao bado wanaumwa. Utumbo wao huenda ukawa mwepesi kuhisi na mwendo wake umevurugika. Maumivu yao ni ya kweli, na yapo matibabu ya kuyatuliza. Si haki kuwaambia kwamba wanajifanya, wala kukimbilia kuwahukumu kuwa wana majini. Dua na kisomo havipingani na hospitali, Mtume wetu (s.a.w.) alituamrisha kutafuta tiba, na mgonjwa ameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani akalipa baadaye.

Tufanye nini basi? Kwanza, mgonjwa aandike katika daftari kwa wiki mbili: saa ya maumivu, mahali, chakula alichokula, hali ya choo, na kwa mwanamke, siku zake za hedhi. Pili, abebe vipimo na dawa zote za nyuma, za miti shamba zikiwemo, wala asione haya kuzitaja. Tatu, amuulize daktari: "Ni kitu gani kingine kinachoweza kuwa chanzo?" Nne, asipopata nafuu, arudi, asianze upya kila mahali.

Na zipo dalili zisizosubiri daftari: kutapika damu, choo cheusi kama lami, macho kuwa ya manjano, kukonda bila sababu, tumbo kuwa gumu kama ubao, au maumivu makali ya ghafla kwa mwanamke anayeweza kuwa mjamzito, kwani huenda mimba imetunga nje ya kizazi. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kusubiri ni sehemu ya imani yetu, lakini subira si kukaa kimya na maradhi. Mama wa mtaani kwetu alisubiri miaka mitatu. Maswali yaliyomwokoa yalichukua muda mfupi. Tuulize mapema. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.