Bustani za Umma na Umoja wa Wakaazi wa Mji

Ukiulizwa umuhimu wa bustani za umma, bila shaka utakimbilia hewa safi, kivuli na maua. Hoja hizo si mbaya, ila kila mtahiniwa anazo. Makala haya yanakupeleka kwenye hoja ambayo wengi huipita: jinsi kipande cha ardhi kisicho cha mtu mmoja kinavyoweza kuwafanya watu wasiojuana wajione kuwa wenyeji wa mji mmoja.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Bustani ya umma ni eneo la wazi mjini, lenye miti, nyasi na mahali pa kuketi, ambalo liko chini ya serikali kwa niaba ya wananchi. Usiiite mbuga. Mbuga ina wanyamapori, na msahihishaji ataona mara moja kwamba umechanganya mambo.

Sasa fikiria mahali ambapo mtu anaweza kuketi katikati ya jiji la Nairobi. Hotelini utaketi ukiagiza chai. Kanisani au msikitini utaketi na wa imani yako. Kwenye mtaa wenye lango, bawabu atakuuliza unaenda kwa nani. Katika bustani ya umma huulizwi kitu. Wakili aliyetoka mahakamani, mchuuzi anayepumzisha miguu, mwanafunzi wa chuo na mzee anayesubiri matatu ya kwenda mashambani huketi kwenye nyasi zile zile. Huenda wasizungumze siku ya kwanza. Lakini wakionana tena na tena, sura huzoeleka, salamu hufuata, na baada ya salamu huja habari: nani anatafuta kibarua, wapi kuna daktari mzuri, kwa nini maji yamekatika.

Wataalamu wa elimu ya jamii huita uhusiano wa namna hii mtaji wa kijamii. Mmarekani Robert Putnam, aliyeandika kitabu Bowling Alone mwaka wa 2000, alitofautisha aina mbili: ule unaowafunga pamoja watu wanaofanana, kama jamaa wa ukoo au chama cha akina mama wa kijiji kimoja, na ule unaojenga daraja kati ya wasiofanana. Aina ya kwanza tunayo kwa wingi. Ya pili ndiyo adimu, na ndiyo ambayo nchi yenye makabila zaidi ya 40 inaihitaji hasa wakati wa uchaguzi. Bustani haitoi hakikisho kwamba daraja litajengwa. Inatoa mahali pa kulijengea.

Mfano mzuri ni Bustani ya Jeevanjee, iliyo kati ya Moi Avenue na Barabara ya Muindi Mbingu. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, aliitoa kwa wakaazi wa Nairobi mwaka wa 1906. Ukipita hapo saa saba mchana utawakuta wahubiri, wasikilizaji wao na wale waliolala fofofo licha ya mahubiri. Hapo pia ndipo kundi la Bunge la Mwananchi lilipopata umaarufu: watu wa kawaida wanasimama na kujadili bei ya unga na mienendo ya viongozi kana kwamba wamechaguliwa. Mtu asiye na kazi wala cheo husikilizwa pale. Hisia ya kuwa wa mahali fulani huanza hivyo, mtu anapojua kwamba neno lake lina pa kusemewa.

Mwaka wa 1991 kulikuwa na mpango wa kuijenga bustani hiyo. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza kampeni ya kuupinga, na wakaazi wengi wakamuunga mkono. Bustani ikabaki.

Miaka miwili kabla ya hapo, Uhuru Park ilikuwa imekumbwa na hatari kubwa zaidi. Bustani hii ilifunguliwa mwaka wa 1969. Mwaka wa 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga humo jumba la orofa 60. Profesa Wangari Maathai aliandika barua kwa ofisi mbalimbali akiupinga, naye akakejeliwa hadi bungeni. Mwishowe fedha za kutoka nje hazikupatikana na mradi ukafutwa. Zingatia sababu yake: kwa watu wengi wasio na bustani nyumbani, Uhuru Park ndiyo iliyokuwa ua wao. Mwaka wa 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikutana pembeni mwa bustani hiyo na kususia chakula wakidai wana wao waachiliwe. Polisi waliwatawanya kwa nguvu, lakini kona ile ikaitwa Freedom Corner hadi leo. Kisha tarehe 27 Agosti 2010, katiba mpya ilizinduliwa papo hapo Uhuru Park, mbele ya umati mkubwa. Jumba lingesimama, umati ule ungekutana wapi?

Usiandike, hata hivyo, kwamba kila eneo la wazi huunganisha watu. Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, liliachwa wazi na wakoloni ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na maeneo ya Wahindi na Wazungu. Nyasi zilikuwa ukuta. Baadaye uwanja huo huo ulijaa watu waliokuja kusikiliza mikutano ya TANU. Ardhi haikubadilika, kilichobadilika ni nani aliyeruhusiwa kuitumia na kwa shughuli gani.

Hapo ndipo penye mjadala wa leo. Msitu wa Karura, wenye takriban hekta 1,000, uliokolewa kutoka kwa wanyakuzi wa ardhi baada ya makabiliano ya mwaka wa 1999 ambapo Maathai alijeruhiwa. Sasa una ua na walinzi, na familia hutembea humo bila hofu. Ila mgeni hulipa kiingilio. Kiingilio husaidia kuutunza msitu, na usalama humfanya mwanamke aweze kukimbia humo peke yake asubuhi. Lakini kwa baba wa watoto wanne anayelipwa kwa siku, nauli pamoja na kiingilio huenda ikawa chakula cha jioni. Binafsi naona kiingilio kinafaa pale tu ambapo bustani nyingine ya bure iko karibu, na mitaani mingi haipo.

Swali la zoezi: "Bustani isiyo na ulinzi si ya umma, na bustani yenye kiingilio pia si ya umma." Jadili kwa kurejelea bustani mbili unazozijua. (Alama 20) Chagua angalau moja iliyo karibu na kwenu, na uende uione kabla ya kuandika.