Njia Mbili za Mawimbi Ndani ya Nyumba za Kasingirima

Katika Kasingirima, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji, intaneti ya nyumbani kwa kawaida hutoka kwenye minara ya simu, ama kwa simu moja kuwarushia wengine bando lake, ama kwa ruta ndogo iliyotiwa laini na kuwekwa juu ya kabati. Kwa sababu hiyo mawimbi hulazimika kupita njia mbili zisizofanana: ya kwanza hutoka mnarani hadi kwenye ruta, na ya pili hutoka kwenye ruta hadi kwenye simu au kompyuta iliyomo chumbani, na njia hii ya pili peke yake ndiyo iitwayo waifai. Ushauri unaotolewa mara nyingi, kwamba ruta iwekwe katikati ya nyumba, ulitungwa kwa ajili ya miji ambako njia ya kwanza ni kebo ya faiba, na ukifuatwa bila kufikiri katika nyumba inayotegemea mnara unaweza kuharibu zaidi kuliko kutengeneza.

Mawimbi ya redio, ambayo Heinrich Hertz aliyathibitisha kwa majaribio huko Karlsruhe, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1880, ni ya jamii moja na mwanga, isipokuwa kwamba wimbi lake ni refu zaidi. Waifai hutumia hasa masafa mawili, yaani viwango viwili vya mtetemo: gigahezi 2.4, ambayo wimbi lake lina urefu wa sentimita 12.5, na gigahezi 5, ambayo wimbi lake lina takriban sentimita 6, na ambayo hubeba data nyingi zaidi lakini hudhoofika upesi inapokutana na ukuta. Hata pasipo kizuizi, umbali ukiongezeka mara mbili nguvu inayopokelewa hushuka hadi robo, hasara ambayo mafundi huihesabu kuwa desibeli 6, kwa kuwa kila desibeli 3 zinazopungua humaanisha kwamba nguvu imebaki nusu.

Kisha huja nyumba yenyewe. Katika nyumba ya tofali za kuchoma yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba pande zote mbili, wimbi linalotoka chumba cha mbele kwenda chumba cha nyuma hukata kuta kwa mshazari, na kadiri linavyozikata kwa mshazari ndivyo linavyokutana na unene mkubwa zaidi wa tofali. Mlango wa mbao humeza kidogo, pipa lililojaa maji humeza sana, na chuma cha aina yoyote, kuanzia bati la paa hadi jokofu, hulirudisha wimbi lilikotoka.

Kizuizi kinachosahaulika kuliko vyote ni wavu wa mbu. Katika mji wa kando ya ziwa, ambako malaria huua, wavu wa dirishani si kitu cha kuondolewa, wala hakuna mtandao unaostahili gharama hiyo. Lakini wavu wa waya wa chuma au wa alumini, wenye matundu ya milimita moja au mbili, kwa wimbi la sentimita kumi na kitu huwa karibu sawa na bamba la chuma, kwa sababu wimbi halipenyi kirahisi tundu lililo dogo mno kuliko urefu wake. Mwanga, ambao wimbi lake halifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, hupita bila shida, na ndiyo maana dirisha lililo wazi kwa jicho linaweza kuwa limefungwa kwa redio. Nyumba yenye bati juu na wavu wa waya katika kila dirisha huwa imeiziba njia ya kwanza, ilhali wavu wa plastiki huwazuia mbu vilevile na kuyaacha mawimbi yaingie.

Hapo ndipo kosa la utambuzi hutokea. Mwenye nyumba huona alama ya waifai imejaa kwenye simu yake, video inagoma kufunguka, naye huamini kwamba ruta imechoka na kununua nyingine yenye antena nyingi, ingawa alama ile hupima njia ya pili tu na haisemi lolote kuhusu mnara. Jaribio la kutenganisha njia hizi halihitaji fundi: mtandao ukisumbua hata pale simu iliposogezwa mita moja kutoka kwenye ruta, basi tatizo liko kati ya ruta na mnara, au mnara wenyewe umeelemewa na watumiaji wa jioni; mtandao ukiwa mzuri karibu na ruta na kukatakata chumbani, tatizo ni kuta.

Mawimbi yanayogonga bati na kurudi yana athari nyingine, kwani nakala za ishara ileile hufika kwa nyakati tofauti kidogo na kuvurugana. Kikwazo hiki kiliwahi kutishia kuizuia kabisa intaneti ya redio yenye kasi ndani ya majengo, hadi kundi la watafiti wa shirika la utafiti la CSIRO nchini Australia, likiongozwa na John O'Sullivan, ambaye awali alitafuta mawimbi ya redio ya mashimo meusi yanayolipuka, lilipobuni njia ya kuigawa data katika vijito vingi vya polepole vinavyotumwa kwa pamoja, uvumbuzi uliopata hataza ya Marekani mwaka 1996. Mvurugano uliobaki hubadilika ndani ya nusu ya urefu wa wimbi, hivyo kuisogeza ruta sentimita 6 tu kunaweza kuleta tofauti inayoonekana.

Ziwa Tanganyika nalo lina sehemu yake. Juu ya maji hakuna mti wala kilima cha kuyazuia mawimbi, na simu iliyo ufukweni inaweza kushika mnara wa Congo au wa Burundi, nchi ambazo saa zake upande huu ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, kiasi kwamba saa ya simu inayojirekebisha yenyewe inaweza kurudi nyuma ghafla; dawa yake ni kuchagua mtandao kwa mkono katika mipangilio. Mvua, inayolaumiwa sana, haiyagusi sana mawimbi ya waifai wala ya simu, bali majani ya mwembe yaliyolowa ndiyo huyameza, na viungo vya redio vya masafa ya juu vinavyounganisha mnara na mnara ndivyo hudhoofishwa na matone.

Kwa nyumba nyingi za Kasingirima, basi, ruta iketi juu, kwenye dirisha linaloelekea mnarani na lisilo na wavu wa waya, hata kama hapo si katikati. Vyumba vya nyuma vipelekewe waya wa mtandao, ambao hufika mita 100 bila kupungukiwa, na kufungiwa kisambazaji cha pili, kwa kuwa kirudufishi kisicho na waya hupokea na kutuma kwa zamu katika chaneli ileile na hivyo kupunguza kasi kwa karibu nusu. Nyumba zikibanana, chaneli 1, 6 na 11 za gigahezi 2.4 ndizo zisizoingiliana. Vikuza mawimbi ya mnara ni habari tofauti: vikifungwa vibaya hurudisha kelele mnarani na kuwaharibia mtandao majirani wote wanaoutumia, ndiyo maana vifaa vya aina hiyo huhitaji idhini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, kabla ya kuwashwa.