Maji ya Ziwani Si Bidhaa: Wananchi wa Kanada Walivyoilinda Hazina Yao

Mwenye nyumba iliyo kando ya kisima hana mazoea ya kuhesabu ndoo. Ndivyo walivyokuwa wananchi wengi wa Kanada. Nchi yao imejaliwa mito na maziwa tele, na katika mpaka wake na Marekani limo Ziwa Superior, ambalo ndilo ziwa pekee la maji yasiyo ya chumvi duniani linalolizidi Ziwa Viktoria kwa eneo.

Mwaka 1998 usingizi huo ulikatizwa. Serikali ya jimbo la Ontario ilitoa kibali kwa kampuni moja kuchota hadi lita milioni 600 kwa mwaka katika ziwa hilo na kuzisafirisha kwa meli hadi Asia. Habari zilipoenea, wananchi wa pande zote mbili za mpaka walipinga vikali, na kibali kikafutwa.

Kwa ziwa kubwa kama hilo, lita hizo zilikuwa tone tu. Basi kelele zote zilikuwa za nini? Baraza la Wakanada, chama cha wananchi kilichoundwa mwaka 1985 na kuongozwa kwa miaka mingi na Bibi Maude Barlow, lilihofu mlango ambao tone hilo lingeufungua. Tangu mwaka 1994 Kanada, Marekani na Meksiko zilikuwa na mkataba wa biashara huria. Maji yakishapakiwa melini na kuuzwa, chama kilionya, yatahesabiwa kuwa bidhaa kama mbao, na itakuwa vigumu kumnyima mnunuzi wa pili kile alichouziwa wa kwanza.

Hoja nyingine ilihusu akiba yenyewe. Tume ya pamoja ya Kanada na Marekani, katika taarifa yake ya mwaka 2000, ilieleza kwamba ni kiasi cha asilimia moja tu ya maji ya Maziwa Makuu ya huko inayorudishwa kila mwaka. Sehemu kubwa ya yaliyosalia ni urithi wa barafu iliyoyeyuka maelfu ya miaka iliyopita. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Je, huo si uchoyo, ilhali wengine wana kiu? Wanaharakati walijibu kwamba maji ya meli humfikia mwenye fedha, wala si maskini mwenye kiu. Bibi Barlow mwenyewe alikuwa mshauri wa maji wa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2008 na 2009. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza hilo lilitangaza kwamba maji safi ni haki ya binadamu. Ajabu ni kwamba serikali ya Kanada haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana.

Hata hivyo, juhudi hazikupotea. Sheria ya Kanada ya mwaka 2002, iliyoimarishwa mwaka 2013, inakataza kuyahamisha kwa wingi maji ya mpakani. Maji ya chupa hayamo katika katazo hilo, na mabishano juu yake yanaendelea. Wananchi hao wamejifunza kwamba kisima hulindwa kingali kimejaa, kwa maana kikikauka hakuna tena cha kulinda.